Soka ya vyuo Meru na Embu: Timu ipo, jezi ipo, msimu uko wapi?

Komredi, kabla hujaweka ule mkeka wako wa wikendi, nijibu swali moja. Mshambuliaji tegemeo wa timu ya wanaume ya chuo chako anaitwa nani? Sitaki jina la utani alilobandikwa kule hosteli. Nataka jina lake kamili, na mabao aliyofunga mwaka jana.

Kama unasoma Chuo Kikuu cha Embu, Chuka, KeMU pale Kaaga au MUST kule Nchiru, nashuku umekwama. Na sikulaumu. Winga wa Arsenal unamjua mpaka mguu anaoupenda kwa sababu unamwona kila wikendi. Timu ya daraja la pili kule Norway unajua fomu yake kwa sababu ya mkeka. Huyu jamaa mnayepanga naye foleni ya chapo madondo unamwona akicheza lini? Labda mara moja kwa muhula. Labda ulimwona tu kwenye picha ya kikosi, wamepiga magoti, jezi mpya.

Septemba inakuja. Mafresha wataripoti na mabegi yao, tangazo la majaribio ya wachezaji litabandikwa, vijana sitini watajitokeza na njumu za kuazima. Tutaambiwa msimu unaanza. Mimi nasema hivi: shida kubwa ya soka ya wanaume kwenye vyuo vya upande huu wa Mlima Kenya haijawahi kuwa vipaji. Hata pesa haiji ya kwanza. Shida ni ratiba. Timu isiyo na mechi ya kila wiki haina msimu. Ina safari.

Safari moja, mwaka mzima

Tuelewane kwanza jinsi mambo yanavyokwenda. Michezo ya vyuo vikuu Kenya inasimamiwa na chama cha kitaifa. Vyuo hukutana kwa kanda, kisha walio bora wanakwenda ngazi ya kitaifa, na huko juu kuna mashindano ya Afrika Mashariki na ya bara zima. Kwenye karatasi ni ngazi nzuri tu.

Ila kwa muda mrefu mtindo wake umekuwa ule wa kukusanyika. Chuo kimoja kinakuwa mwenyeji, vingine vinapanda basi na timu zote, kuanzia soka mpaka chesi, na kwa siku chache mechi zinapigwa mfululizo. Ni raha, sikatai. Nyimbo za ndani ya basi peke yake ni sherehe tosha.

Lakini angalia hesabu yake kisoka. Timu inafanya mazoezi wiki nane. Inafika, inapigwa mechi ya kwanza kwa penalti ya utata, inatoka sare ya pili, imerudi nyumbani. Kocha hajapata nafasi ya kurekebisha kitu. Kipa wa pili hajagusa mpira. Fresha aliyechaguliwa kati ya wale sitini amekaa benchi mwaka mzima, na mwaka unaofuata hatajitokeza tena kwa sababu ameshapata kazi ya kuuza vifuniko vya simu jioni.

Sasa linganisha. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18, kila moja inacheza mechi 34. Huko mchezaji akikosa bao Jumapili, ana Jumapili nyingine. Kufungwa na kurudi tena kiwanjani ndiko kunakomkomaza mchezaji. Kijana wa chuo hana hiyo Jumapili nyingine.

Barabara pia inaua

Kuna jambo lingine kuhusu mtindo huu wa safari ndefu ambalo hatulisemi kwa sauti. Machi 30, 2023, basi la Chuo Kikuu cha Pwani lilipata ajali mbaya pale Kayole, Naivasha. Waliokuwa ndani walikuwa wanafunzi wakielekea Eldoret kwa mashindano ya michezo ya vyuo. Zaidi ya watu kumi walikufa. Vijana walioondoka Kilifi na viatu vya michezo kwenye begi hawakufika.

Chukua ramani uone umbali wa Kilifi mpaka Eldoret. Unavuka karibu nchi nzima kwa basi ili ucheze mechi mbili tatu.

Sisi wa huku tuna hatari yetu. Barabara ya Embu kwenda Meru inapita daraja la Nithi, na kila mtu anajua historia ya ile miteremko. Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakaangamia. Kwa hivyo sisemi safari fupi haina hatari. Nasema safari ya mchana, ya saa mbili tatu, dereva akiwa amelala vizuri, na watu kurudi kabla giza halijaingia, hiyo unaweza kuipanga. Safari ya usiku kucha ili muwahi sherehe ya ufunguzi asubuhi, hiyo unabahatisha.

Kama msimu mwingi ungechezwa karibu na nyumbani, zile safari ndefu zingebaki za washindi pekee, na zingepangwa kwa utulivu.

Vyuo vinne, barabara moja

Hapa ndipo upande wetu una bahati ambayo wengine hawana. Hebu tuifuate hii barabara. Unatoka Embu, unapita Runyenjes, unafika Chuka, unateremka na kupanda mabonde mpaka Nkubu, unaingia Meru mjini. Chuo Kikuu cha Embu kiko mwanzo wa njia. Chuka iko pale Ndagani, karibu katikati. KeMU iko Kaaga, Meru. Ukishika njia ya Maua kama kilomita 15 kutoka mjini, unafika Nchiru kwa MUST. Vyuo vikuu vinne, karibu vyote kwenye lami moja. Hata matatu hubadilishi mara nyingi.

Na hivi si vyuo vya jana. KeMU ilipata hati yake 2006. Chuka na MUST zilipata 2013. Embu ikafuata 2016. Kila kimoja kina uwanja, kina basi, kina kocha au mtu anayeitwa kocha.

Timu nne zikicheza nyumbani na ugenini, kila moja inapata mechi sita. Ligi nzima ni mechi 12. Ukiongeza Kirinyaga na Tharaka, ambao ni majirani, timu zinakuwa sita, kila moja inacheza mechi 10, jumla mechi 30. Muhula una takriban wiki 14 au 15. Mechi 10 zinaingia, na bado inabaki nafasi ya CAT na mitihani.

Kila chuo kingesafiri mara tano tu kwa muhula. Basi hilo hilo linabeba timu ya wanaume na ya wanawake, mechi mbili zinapigwa mchana mmoja, watu wanakula wali wa kantini ya wenyeji, saa kumi na moja jioni injini inawaka.

Tahadhari moja ya watu wa huku: mvua. Kwa mashariki ya Mlima Kenya, mvua za Oktoba hadi Desemba si mzaha, na muhula wa Septemba unaangukia hapo hapo. Ukianza ligi katikati ya Oktoba, nusu ya mechi zitachezwa kwenye matope au ziahirishwe. Kwa hivyo majaribio yafanyike wiki ya kwanza ya kufungua, mechi ya kwanza wiki ya tatu. Anayesubiri barua isainiwe na ofisi tano ataishia kuogelea.

Soka ya Kenya ni ya taasisi

Sasa utaniambia, haya ni mambo ya wanafunzi, soka ya kweli iko kwenye klabu. Sawa, twende huko kwenye klabu.

Tazama majina ya Ligi Kuu. Kenya Police ndio walibeba taji la 2024/25, la kwanza katika historia yao. Ulinzi Stars ni wanajeshi. KCB ni benki. Bandari ni watu wa bandari ya Mombasa. Posta Rangers jina linajieleza. Tusker ni kampuni ya bia. Ukiondoa Gor Mahia, AFC Leopards, Shabana na wengine wenye mashabiki wa damu, sehemu kubwa ya soka yetu inabebwa na taasisi. Kwa nini? Kwa sababu taasisi ina uwanja, ina basi, ina zahanati, ina mahali pa kulala, na ina mtu wa kulipa mshahara mwisho wa mwezi.

Hebu soma hiyo orodha tena. Uwanja, basi, zahanati, malazi, hata jikoni. Nani mwingine ana vitu hivyo vyote ndani ya ua mmoja? Chuo kikuu. Tena chuo kina kitu ambacho benki haina: maelfu ya vijana wa miaka 18 hadi 24 wanaoishi mita mia tatu kutoka uwanjani, ambao Jumamosi saa nane hawana pa kwenda. Hao ni wachezaji na mashabiki kwa mpigo.

Na haijawa ndoto tupu. Masinde Muliro kule Kakamega ilifikisha timu yake, MMUST FC, mpaka Ligi ya Taifa ya Supa, hatua moja tu chini ya Ligi Kuu. Jirani yetu Murang'a SEAL alipanda Ligi Kuu 2023 bila kuwa mji mkubwa. Meru na Embu, na watu wote hawa na biashara yote hii ya chai, kahawa, miraa na muguka, hatuna timu pale juu. Kijana wa Kangaru au Meru School akiwa moto kwenye michezo ya shule za upili, akimaliza kidato cha nne ni lazima ahamie Nairobi au aache mpira. Akiingia chuo cha nyumbani, mara nyingi ameuacha bila kujua.

Utanikumbusha Michael Olunga. Ndiyo, Olunga alikuwa mwanafunzi wa TUK, Nairobi, wakati akifunga mabao Gor Mahia mwaka 2015, ule mwaka ambao Gor walishinda ligi bila kupoteza mechi. Miaka mitano baadaye akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya Japan, mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol. Mfano mtamu sana. Ila uangalie vizuri. Olunga alisoma chuoni, lakini mpira wake wa kila wiki aliupata kwenye klabu. Aliweza kwa sababu darasa na klabu vilikuwa mji mmoja. Olunga wa Nchiru angefanyaje? Mazoezi ya Gor Nairobi saa tatu asubuhi, mhadhara Nchiru saa tano? Huku klabu ya kiwango hicho haipo, kwa hivyo chuo chenyewe ndicho kinapaswa kumpa hiyo mechi ya kila wiki.

Pesa: toa karatasi yako ya karo

Mimi kampasi niliiacha njiani, karo ikanishinda, kwa hivyo sina mkuu wa kitivo wa kumwogopa. Toa ile karatasi ya karo. Chini ya masomo, maktaba na mtihani, tafuta mstari wa shughuli za wanafunzi au michezo. Karibu kila chuo kinao. Ni pesa zako.

Tufanye hesabu ya kibandani, mfano tu. Chuo kina wanafunzi 6,000. Kila mmoja analipa Sh500 za michezo kwa mwaka. Hiyo ni Sh3 milioni. Ligi ya safari tano za mchana kwa basi la chuo lenyewe inataka mafuta, posho ya dereva, maji, waamuzi na chakula. Piga hesabu unavyotaka, haiwezi kumaliza Sh3 milioni. Swali basi si kama pesa zinatozwa. Swali ni zinatumika wapi, na kama kuna mwanafunzi amewahi kuona hesabu hizo.

Najua upande wa pili, na una uzito. Vyuo vya umma viko kwenye madeni. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 umeleta mkanganyiko mpaka mahakamani. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma siku 49, kuanzia Septemba mpaka Novemba. Muhula wa aina hiyo, hata ungekuwa na ratiba ya dhahabu, nani angecheza? Na mhadhiri ambaye hajalipwa akisikia basi la timu limewekwa mafuta, ana haki ya kununa.

Lakini ndiyo maana nasisitiza ligi ya karibu. Ni ya bei ya chini kuliko ule mtindo wa kukusanyika, ambapo unalisha na kulaza msafara mzima kwa siku kadhaa. Na ikikatizwa na mgomo, unaendelea pale ulipoachia. Tamasha la siku tano likikatizwa, mwaka umekwisha.

Kuna pesa moja ambayo hatupaswi kuibania hata kidogo: ya majeruhi. Mchezaji akivunjika mguu akiwa amevaa jezi ya chuo, nani analipa? Zahanati ya chuo itampa dawa ya maumivu na bandeji. Goti likikatika mishipa, hapo si mambo ya bandeji. Tangu Oktoba 2024 tuko kwenye SHA, na wanafunzi wengi wanajua kujisajili tu, hawajui inalipia nini. Kabla hujatia saini fomu ya timu, uliza. Anayekuambia "tutaona ikifika hapo" amekujibu tayari.

Majirani walishaanza

Uganda hawakusubiri. Tangu 2012 wana ligi yao ya soka ya vyuo vikuu, mechi za nyumbani na ugenini, kamera za televisheni, mdhamini wa soda. Mashabiki wanajaza viwanja vya kampasi kwa sababu wanajua Jumatano ijayo kuna mechi tena. Mdhamini hakuja kwa huruma. Alikuja kwa sababu kuna tarehe za kuweka bango lake.

Afrika Kusini wana Varsity Football tangu 2013, nayo huonyeshwa kwenye televisheni. Huko pia Wits, timu iliyozaliwa chuoni mwaka 1921, ilifika mpaka kutwaa ubingwa wa ligi kuu msimu wa 2016/17. Ila usishangilie kabla ya kusikia mwisho wake. Mwaka 2020 wamiliki waliiuza nafasi yake kwenye ligi, na jina likapotea. Somo ni kwamba timu ya chuo ikitegemea mfuko wa mtu mmoja, siku akichoka mnabaki na picha. Ikijengwa juu ya ada ya wanafunzi, ratiba na mashabiki wa hosteli, ni ngumu zaidi kuiuza.

Na vile viwanja vya sikukuu?

Sisi tuna viwanja viwili vikubwa ambavyo tunavikumbuka kukiwa na bendera. Kinoru, Meru, ilikarabatiwa ikilengwa CHAN ya 2018. Septemba 2017 Kenya ikapokonywa uenyeji, mashindano yakaenda Morocco. Kinoru ikaja kutumika kwa Madaraka Dei ya 2018. Embu nao uwanja wa Moi ukapigwa msasa kwa Madaraka Dei ya Juni 1, 2023. Rais akaja, ndege zikapita, tukarudi nyumbani.

Uliona CHAN ya Agosti 2025? Harambee Stars ya Benni McCarthy ilimlaza Morocco 1-0, Kasarani ikatetemeka, kabla ya Madagascar kututoa kwa penalti robo fainali. Wale walikuwa wachezaji wa ligi za hapa nyumbani. Sasa inakuja AFCON 2027, sisi na Uganda na Tanzania tukiwa wenyeji. Tutaimba tena kwamba Kenya ina vipaji. Vipaji hivyo vinachezea wapi Jumamosi ya kawaida?

KeMU dhidi ya MUST, pale Kinoru, kiingilio shilingi hamsini na kitambulisho cha chuo. Embu dhidi ya Chuka, uwanja wa Moi, Embu. Kaunti ingepoteza nini kufungua lango mara mbili kwa muhula? Mama wa mahindi choma angeuza, watu wa boda wangejaza, na yule kipa wa pili angejua watu elfu tatu wakipiga kelele wanasikikaje.

Ukifungua chuo Septemba

Sikuombi uandamane. Nakuomba uulize, na uulize mapema, kabla watu hawajazama kwenye kampeni za uongozi wa wanafunzi na mitihani.

Kama wewe ni fresha mwenye miguu, nenda kwenye majaribio, lakini muulize kocha tumepangiwa mechi ngapi kabla ya Desemba, na dhidi ya nani. Akikutajia mashindano badala ya tarehe, ujue umejiunga na safari.

Kama unagombea uongozi wa wanafunzi, acha kuahidi intaneti ya kasi ambayo huna uwezo nayo. Ahidi kuchapisha matumizi ya ada ya michezo, na kuwaandikia wenzako wa vyuo vile vitatu vingine barua moja yenye tarehe sita. Viongozi wanne wa wanafunzi wakikubaliana, wakuu wa michezo wana kitu cha kuidhinisha. Chama cha kitaifa nacho hakiwezi kukataa mechi ambazo hakikuombwa kugharamia.

Kama wewe si mchezaji wala kiongozi, ni shabiki tu mwenye simu, basi anza kuweka rekodi. Nani alicheza, nani alifunga, dakika ya ngapi. Piga video ya bao. Skauti wa klabu za Nairobi hatafika Nchiru kwa uvumi, lakini atafungua video ya sekunde thelathini.

Na kama chuo chako tayari kimebandika ratiba ya nyumbani na ugenini pale ubaoni, tafadhali nitumie picha. Nitapanda matatu nije kutazama, na nitaandika jina la mfungaji.